Mwezi Tuliokata Kebo

Jumatatu, 16 Agosti 2021

Kebo ya televisheni imekatwa! Rispah ameamua, na mke wangu akishaamua, nyumba hii haina mahakama ya rufaa. Jana jioni alirudi kutoka hospitali, barakoa imemchora mashavuni, akasimama sebuleni. Anadai alitusalimu mara tatu. Sikusikia hata moja. Nilikuwa nimezama kwenye idhaa yangu ya mifereji: yule mzee na mashua yake ndefu, anapita polepole chini ya madaraja ya mawe, ukungu juu ya maji, hakuna kinachotokea, bata wanampisha. Ah! Abigail, binti yetu, alikuwa amejilaza sakafuni, naye pia yuko majini. Rispah akachukua simu, akawapigia watu wa kebo. Leo asubuhi skrini ni nyeusi tii.

Nimetafakari sana chanzo. Nimehitimisha: anabana matumizi. Si kitu. Nina muda wa kupanga mikakati. Ukumbi wa harusi ninakopanga viti huku ughaibuni, mtaa wa Auburn, umefungwa kwa ajili ya korona tangu Juni. Hakuna anayeruhusiwa kuoa kwa vigelegele.

Jumatano, 18 Agosti

Mkakati wa kwanza: elimu. Nilimweleza Rispah kwamba mtoto anasomea nyumbani na kebo imejaa jiografia. Nikamwita Abigail atoe ushahidi. Tulikuwa tumepatana, nimwoshee vyombo, aniunge mkono. Akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba jiografia yote aliyojifunza humo ni bata. Msaliti! Na vyombo nilikuwa nimeshaosha!

Rispah alicheka kidogo, halafu akaacha.

"Baba Abi, unajua siku hizi niko wodi gani?"

Nikasema ile ya wazee waliovunjika nyonga. Akasema alihamishwa kitambo, yuko na wagonjwa wa korona. Akasema aliniambia. Huenda aliniambia mashua ya yule mzee ikiwa kwenye lango la maji la mfereji. Pale huwa nashika pumzi.

Mchana nimekaa mbele ya skrini. Jua likiingia dirishani, sebule yote inaonekana mle ndani, ndogo, ya mbali, kama chumba kilichozama ziwani. Mtu mmoja amekaa kwenye sofa. Hasogei. Kipindi si kibaya, ila mhusika ana kitambi.

Ijumaa, 20 Agosti

Kipchumba, jirani wa ng'ambo ya uzio, hajakata chochote. Skrini yake ni pana kama mlango wa gereji! Kinachotutenganisha ni miti yake ya uzio tu. Nikachukua mkasi wa bustani. Ujirani mwema! Tawi hili, tawi lile, hadi nikapata tundu safi la ukubwa wa dirisha la basi. Nikaweka kiti, blanketi, kikombe cha chai.

Kumbe mtu mzima yule hutazama minada ya nyumba! Watu wanafungua makabati ya jikoni, wanayafunga, wanatikisa kichwa. Sauti sisikii. Lakini baridi ilikuwa tamu, majani yanacheza, na polepole nikaanza kuishi katika zile nyumba, chumba baada ya chumba. Nilikuwa nachagua mapazia Kipchumba alipotokea amevaa barakoa, akauliza kwa nini uso wangu uko ndani ya miti yake. Nikasema navuta hewa. Akasema hewa iko pia upande wangu.

Pazia lake limefungwa sasa. La kijivu. Mimi nisingelichagua.

Jumapili, 22 Agosti

Siku gani hii! Rispah alikuwa zamu. Ibada nimeisikiliza kwenye simu, nikaomba uvumilivu, kisha nikakumbuka antena ya zamani kule juu ya paa. Kasuku weupe waliipinda mwaka juzi. Ukiinyoosha, unapata vituo vya bure. Vya bure! Nani atapinga?

Nikamwomba Kipchumba ngazi. Alinitazama muda mrefu, akanipa, akasema anaihitaji upesi. Nikapanda. Nikaishika antena kwa heshima zote. Ikang'oka, ikabaki mkononi kama mfupa wa samaki. Nikageuka nishuke. Ngazi hakuna! Kipchumba alikuja kuchukua mali yake. Anaapa alidhani nimeshashuka. Nina maoni yangu.

Simu iko jikoni. Abigail ana vipokea sauti masikioni. Niliita mpaka koo likakauka. Basi nikakaa.

Sijawahi kuuona mtaa wetu wa Mount Druitt hivyo. Mapaa na mapaa, yamelala kama ng'ombe wanaocheua. Miti imechanua manjano. Kwa mbali ile milima wanayoiita ya buluu, ni buluu kweli, kana kwamba mtu ameichora kwa maji mengi na rangi kidogo. Kwenye ua mmoja baba anamnyoa mwanawe. Kwenye mwingine mama anaanika nguo, mara anaacha, anacheza peke yake na shuka, anaendelea kuanika. Treni ilipita karibu tupu. Sikujua kama niko macho au nimesinzia.

Jioni abiria wachache wakatoka upande wa stesheni. Mmoja nilimjua kwa mwendo. Kutoka juu alikuwa mdogo kabisa, Rispah wangu. Alipofika kwenye kona akasimama. Akaweka mkoba chini, akageukia ukuta wa nyumba ya watu, mabega yakaanza kutikisika. Kwa muda mrefu. Halafu akafuta uso, akanyoosha sweta, akajaribu kutabasamu. Akaliacha tabasamu hilo. Akajaribu jingine. La pili ndilo alilolibeba kuja nyumbani.

Nalijua lile tabasamu. Siku zote nilidhani anatoka nalo kazini.

Nikasimama na antena yangu nikapaza sauti: "Rispah! Karibu nyumbani!"

Mtaa mzima ulisikia. Alitazama kulia, kushoto, nyuma, kila mahali isipokuwa mbinguni. Hatimaye akaniona.

"Baba Abi! Unafanya nini huko?"

Mimi sikosi uongo. Leo nilikosa. Kilichotoka ni: "Nakungoja."

Alicheka mpaka akakaa ukingoni mwa barabara, akalia, akacheka tena. Akaenda kugonga kwa Kipchumba. Ngazi ilipokuja, badala ya mimi kushuka, akapanda yeye, na sare yake ya kazi. Akanieleza habari za babu mmoja aliyefariki leo. Mkewe haruhusiwi kuingia. Rispah ndiye aliyemshikia simu, akaendelea kuishika hata baada ya babu kunyamaza, kwa sababu bibi alikuwa bado anaongea.

Nilisikiliza hadi mwisho. Milima iligeuka kutoka buluu ikawa kama wino.

Alhamisi, 26 Agosti

Tangu Jumapili namngoja getini. Abigail naye hutoka. Jana alimpokea mama yake mkoba na kumuuliza kwa Kiswahili, Kiswahili kabisa, kama amechoka. Hata Kipchumba hutusalimu kutoka ng'ambo, ingawa tundu la miti yake hajalisahau. Tunakula mezani. Rispah anasimulia, siku nyingine anakaa kimya tu, tunakaa naye.

Usiku wa jana aliniambia kukata kebo ndilo jambo bora tulilofanya mwaka huu. Akasema hakuwa anabana matumizi hata kidogo. Alitaka tu mtu ageuze kichwa anapoingia. Nimemwelewa kabisa. Nilikaribia kutokwa machozi.

Jumamosi, 28 Agosti

Rispah amelainika. Huu ndio wakati!

Kamande wa mtaa wa Liverpool, tuliyekuwa tukipanga naye viti, ana projekta ya ukumbini, ile iliyokuwa ikionyesha picha za maharusi. Anaituma kwa msafirishaji wiki ijayo. Haihitaji kebo, kwa hiyo hakuna ahadi iliyovunjwa. Inahitaji ukuta mweupe tu.

Nikamwambia Rispah tupake sebule rangi nyeupe, iwe alama ya maisha yetu mapya. Machozi yalimlengalenga. Asubuhi hii amejifunga kilemba, ameshika brashi mwenyewe, anapaka huku anaimba. Abigail anapaka pembeni. Mimi nimeshika kopo. Rispah ameuliza turudishe wapi picha za familia. Nimesema tusitundike kitu, tuuache ukuta upumue. Akanigusa shavu kwa kidole chenye rangi, akasema hakujua kama nina moyo wa namna hii.

Ukuta mzima! Kutoka dirishani hadi jikoni!

Sofa nimeshaigeuza. Sasa imeuelekea ukuta vizuri sana, na mlango wa kuingilia uko nyuma yetu, hautatusumbua.