Kamati ya Kutoonekana kwa Kuku

Ndugu wananchi, uongozi wa kata yetu haujawahi kushindwa na kuku. Natamka hivyo nikiwa Katibu wa Kamati Maalumu ya Uchunguzi wa Kutoonekana kwa Kuku wa Kienyeji, iliyoundwa huku Karatu vijijini mwaka ule wa ukame, kabla ya mvua za El Nino. Jina peke yake lilikula kikao kizima. Tungesema "kuibwa", ingeonekana kata ina wezi. Tungesema "kupotea", ingeonekana kata haina viongozi. "Kutoonekana" ni kosa la macho ya wananchi, kwa hiyo likapita kwa kauli moja.

Mlalamikaji alikuwa Mama Scholastika, mjane anayelea wajukuu kwenye mteremko wa kuelekea Baray. Njaa ilikuwa imebana, mahindi yamekaukia shambani yakiwa kimo cha goti, na mayai ya mitetea wake ndiyo yaliyokuwa yakiwashikilia watoto wale. Kisha mitetea wakaanza kutorudi jioni, leo huyu, kesho yule, hadi akabaki na kuku mmoja tu wa kishingo, yule asiye na manyoya shingoni.

"Mama," akamuuliza mwenyekiti wetu, Bwana Eliud, Afisa Mtendaji wa Kata, "hao kuku ulikuwa unawafungia?"

"Ni wa kienyeji, mzee. Wanajitafutia."

"Yaani walikuwa wakizurura bila kazi maalumu."

"Kazi yao ni kutafuta chakula."

"Kama sisi sote," akasema Bwana Eliud, na mjumbe mmoja akapiga makofi.

Tukaanza na mwewe. Ikaonekana mwewe hana anwani, hawezi kuitwa. Kicheche akaachwa kwa kuwa hufanya kazi nje ya saa za ofisi. Chui wa msitu wa Ngorongoro ni kivutio cha watalii, na Bwana Eliud alituonya tusimchafulie jina. Akabaki Lomayani.

Lomayani ni Mmasai kutoka Malambo, mlinzi wa maduka pale senta. Alikuwa jirani wa Mama Scholastika, tena mgeni, sifa mbili ambazo kamati haikuweza kuzifumbia macho. Akaja na shuka lake na fimbo yake.

"Unakula kuku?"

Lomayani akageuka nyuma, kuona kama swali ni la mtu mwingine. "Mimi? Mwanaume ale ndege?"

"Andika, Katibu. Mtuhumiwa anafahamu kwamba kuku ni ndege."

Nikaandika.

"Mzee, sisi ni ng'ombe, mbuzi, kondoo. Kuku hapana. Hata harufu yake sitaki."

"Hapo ndipo penye hatari," Bwana Eliud akatufafanulia. "Mwizi anayekula, akishiba huacha. Huyu asiyekula ataachia wapi?"

Hoja ilikuwa nzito. Tukaazimia Lomayani arudi Malambo kabla ya Jumapili. Akasema mkewe, Nosim, anakaribia kujifungua na hawezi safari. Akajibiwa kwamba uzazi haumo kwenye ajenda. Ndipo Mama Scholastika aliposimama.

"Kuku ni wangu, na mimi sijamtaja huyu. Ndiye anayefukuza fisi kwenye zizi langu. Mkimwondoa, nibaki na nani?"

"Utabaki na sheria, mama."

"Sheria ilishawahi kufukuza fisi?"

Watu wakacheka, jambo lisiloruhusiwa kikaoni. Ili kuwakomesha, Bwana Eliud akatangaza uchunguzi wa kisayansi: yule kishingo alale na njaa, kisha afunguliwe, naye atawafuata wenzake mpaka kwa mwizi. Akamwalika na Afisa Tarafa, ili sayansi iwe na shahidi.

Asubuhi ya Jumamosi kishingo akafunguliwa. Akajikung'uta, akadonoa kiatu cha Afisa Tarafa, akashika njia. Sisi nyuma yake, kwa mpangilio wa vyeo, Mama Scholastika na Lomayani wakiwa wa mwisho. Alipofika kwa Lomayani, Nosim alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni, macho yamemtoka kwa hofu. Kuku akachungulia ndani, hakuona cha kudonoa, akaendelea.

"Anatuzuga," akanong'ona Bwana Eliud.

Kuku akavuka senta, akapenya ua wa minyaa, akaingia kwenye uwanja wa nyumba nzuri ya bati.

"Hapa ni kwa nani?" akauliza Afisa Tarafa.

Kamati nzima ikapatwa na kikohozi.

"Ni kwangu," akasema Bwana Eliud. "Anapumzika tu."

Kishingo hakupumzika. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye ghala la udongo nyuma ya nyumba, akainama, akapita pale ukuta ulipobomoka kwa chini. Ndani zikasikika sauti za wenzake wakimpokea. Bwana Eliud akaeleza kwamba ufunguo ameondoka nao mkewe, yuko Moshi. Afisa Tarafa akaagiza mlango usukumwe.

Mitetea wa Mama Scholastika walikuwa wamelalia mayai juu ya magunia, wamenenepa hadi wanatembea kwa kuyumba. Magunia yenyewe yalikuwa ya mahindi ya msaada, yale tuliyotangaziwa kwamba lori lake limekwama kwenye tope. Kwa kuwa ulikuwa mwaka wa ukame, tulikuwa tumempongeza sana dereva kwa kulipata tope hilo.

Mama Scholastika hakuwagusa kuku. Alichota mahindi kwa mikono miwili, akayatazama, machozi yakamdondoka humo humo viganjani. Mimi nikaona nikague paa.

"Mheshimiwa," akasema Bwana Eliud, "hawa kuku wamevamia ghala la serikali."

Afisa Tarafa akatuma mtu polisi, akaamuru mahindi yagawiwe siku hiyo hiyo, kisha akamwita Lomayani.

"Simama hapa mlangoni. Mtu yeyote asitoke mpaka polisi wafike."

Kwa kuwa kuku walionekana, natoa taarifa kwamba kamati ilitimiza malengo yake yote.

Bwana Eliud akajifuta jasho, akasogea taratibu mpaka pale fimbo ilipokatiza mlango.

"Lomayani, ndugu yangu. Nipishe kidogo nipate hewa."

Mtetea mmoja mnene akampita miguuni. Lomayani akainua fimbo, akangoja kuku atoke, akairudisha mahali pake.

"Mzee amesema mtu asitoke," akajibu. "Kuku ruksa."