Kiamshi cha Dizeli

Siku bei ya dizeli ilipopanda tena, mji mzima wa Garissa ulinuna isipokuwa mtu mmoja. Huyo alikuwa Nunow, bwana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na ulimi uliochongwa vizuri zaidi. Alikuwa ameketi ndani ya Land Cruiser yake nyeupe kwenye kituo cha mafuta, akiwasikiliza madereva wa malori wakilalama, na kila lalamiko lilimwingia masikioni kama ngoma za harusi.

"Wallahi, lori yangu inakunywa kuliko ngamia," alisema Bare, dereva mwenye mwili wa kabati na sauti ya honi.

Nunow akateremka taratibu, kama daktari anayeingia wodini.

"Walaal, lori lako halina kosa. Kosa ni la dizeli. Dizeli ya siku hizi imelala."

"Imelala?"

"Usingizi wa pono! Imesafiri baharini, imekaa kwenye matangi, imechoka. Ikifika kwenye injini, nusu inaungua, nusu inatokea kwenye ekzosi ikiwa bado inakoroma. Ule moshi mweusi ulidhani ni nini?"

Bare akageuka kuutazama moshi wa lori lake. Kwa kweli ulionekana kama kitu kilichokatizwa ndoto.

"Na inaamshwaje?"

"Hapo," akasema Nunow kwa upole, "ndipo mimi naingia."

Kufikia mwisho wa wiki, Nunow alikuwa amekodi kibanda karibu na magereji, na watu walikuwa wanamwita Injinia. Bidhaa yake ilikuwa kiamshi: kipande cha bomba la plastiki, urefu wa kiganja, kimejazwa mchanga wa Mto Tana, kikazibwa kwa gundi na kupakwa rangi ya fedha. Kilifungwa kwa waya kwenye mpira wa mafuta. Kazi yake ilikuwa kung'aa, na kazi hiyo kiliifanya kwa uaminifu mkubwa.

Lakini Nunow hakuwa mwizi wa jana. Alijua siku itafika mteja atarudi akilia kwamba dizeli inakwisha vilevile. Kwa hiyo kila kiamshi kilitoka na masharti. Usikimbize gari. Usikanyage mafuta kwa hasira wala breki kwa ghafla. Jaza upepo kwenye magurudumu yote. Safisha filta ya hewa, usisubiri izibwe na vumbi. Teremsha mizigo isiyo na kazi. Na ukisimama kunywa chai, zima injini.

"Ukivunja hata moja," alionya akiinua kidole, "kiamshi kinakasirika."

Moyoni alikuwa anacheka. Dereva wa barabara za huku asiyekimbia? Anayezima injini akinywa chai? Huyo mama yake alikuwa bado hajamzaa. Kila mlalamikaji angekuwa na kosa lake tayari, na Injinia angebaki msafi kama kanzu ya Ijumaa.

Kosa lake lilikuwa dogo: alisahau kwamba mtu aliyelipa pesa nyingi kwa kitu hukiheshimu kuliko baba mkwe. Bare, aliyekuwa akipita kijiji kama risasi, sasa alipita kwa adabu hata kuku walimshangaa. Madereva waliamka asubuhi kupima upepo. Walipopigiana honi, walikuwa wanakumbushana kupunguza mwendo. Na dizeli, bila kujali nani ameamshwa na nani amelala, ikaanza kubaki kwenye matangi.

Mtu wa kwanza kuelewa alikuwa Weris. Mama huyu alikuwa na mkahawa nyuma ya magereji na maboza mawili ya maji yaliyokwenda Dadaab. Alinunua kiamshi kimoja, akakifunga kwenye boza moja, na siku hiyohiyo kikaanguka njiani. Dereva wake hakujua. Aliendelea kushika masharti kama mtu wa swaumu, akarudi na dizeli nyingi kuliko kawaida, akikisifu kiamshi kilichokuwa kimelala mchangani kilomita nyingi nyuma.

Weris aliinama, akautazama ule waya uliokuwa unaning'inia mtupu. Alikwenda jikoni, akafunga mlango, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Nunow, kwa upande wake, hakujua lolote. Wateja wake walikuwa safarini, na kimya chao alikielewa kwa namna ya kazi yake: wanakusanya hasira. Alikuwa amepanga kuhama kwenda Wajir. Asubuhi moja, akiwa anapakia viamshi vilivyobaki kwenye gari nyuma ya kibanda, aliinua macho akaona madereva wamejaa mbele ya kibanda. Bare alikuwa mbele yao, spana kubwa mkononi.

"Yuko wapi Injinia?" Bare alinguruma. "Leo lazima tumpate!"

Nunow aliliwasha gari akatokea uchochoro wa nyuma, akaliacha kwenye ua wa mkahawa wa Weris, na kuingia jikoni akiwa ametanguliza magoti.

"Abaayo Weris, nifiche!"

Weris alikuwa anakaanga sambusa. Akageuza moja kwa utulivu. "Wanakutafuta tangu alfajiri," alisema.

"Nimewaona."

"Bare amekuja na spana."

"Nimeiona!"

"Ameapa leo hakuachi. Wenzake wanasema hawaondoki mjini bila wewe."

Nunow akashika kichwa. "Nitoroke na gari?"

"Gari lako linajulikana mji mzima. Ukitokeza barabarani tu, watakuzunguka."

Kila neno lilikuwa la kweli. Hata malaika mwenye kalamu asingepata la kuandika upande wa kushoto.

"Mimi naweza kulinunua gari," Weris aliendelea, "pamoja na vitu vilivyomo. Lakini sina pesa nyingi. Na kuna lori la sukari linaondoka sasa hivi kwenda Hulugho. Nitakuombea nafasi."

Alitaja bei. Nunow alilia kidogo, kwa sababu aliipenda ile Land Cruiser kuliko alivyowahi kumpenda mtu. Sauti ya Bare ikasikika nje ya ua. Nunow akaacha kulia, akatoa funguo, akauhamisha umiliki kwa simu. Dakika chache baadaye alikuwa ndani ya lori, kichwa kimefungwa shali kama mgonjwa wa meno.

Dereva wa lori aliitwa Daud, mzee mchangamfu asiyemjua. Walitoka mjini kwa mwendo wa maharusi.

"Adeer, kanyaga kidogo," Nunow alisihi akichungulia nyuma.

"Siwezi, kijana. Masharti."

"Masharti gani?"

"Ya kiamshi!" Daud aling'aa uso. "Iko chini hapo, tajiri wangu alinunua. Wallahi sijaona kitu kama hiyo. Zamani nikifika Hulugho natafuta dizeli ya kurudi. Siku hizi nafika na inabaki! Watu wote wanaitaka. Leo Bare na wenzake walienda kwa huyo Injinia kuagiza ya magari yote ya matajiri wao. Bare akabeba na spana yake afunge palepale. Wamemkosa, maskini. Sijui ameenda wapi, mtu wa baraka vile."

Shali ilimshuka Nunow shingoni. Kwa kitambo alisikika akitoa sauti ndogo, kama birika linalokaribia kuchemka. Walipopita Kotile, ambako mtandao ulikuwa mzuri, alipiga simu.

"Weris! Umenidanganya!"

"Neno gani lilikuwa uongo?"

Nunow alifungua mdomo. Akayapitia maneno yote moja moja. Akaufunga.

"Viamshi vyangu viko wapi?"

"Vimekwisha kabla ya adhuhuri. Kwa bei mara mbili ya yako, na masharti nawasomea mwenyewe. Kimebaki kimoja tu cha kuonyesha."

Akakata simu. Nunow akabaki anatazama vichaka vikipita polepole. Mzee Daud hakuwa mwongo. Madereva wote wale hawakuwa waongo. Yeye mwenyewe alikuwa ameuteka ule mchanga mtoni, pale chini ya daraja, asubuhi ambayo mto ulikuwa na rangi ya ajabu kidogo... Je, ikiwa mna kitu ndani yake? Kitu ambacho hata Injinia hakukijua?

Alipiga tena. "Abaayo," alisema kwa unyenyekevu, "hicho kimoja. Niuzie."

"Bei imepanda."

"Nalipa."

Kiamshi kilifika Hulugho kesho yake, kimeviringishwa kwenye gazeti. Nunow alikipokea kwa mikono miwili, akakifuta vumbi kwa shali. Kisha akakumbuka kwamba hana gari. Alikuwa bado amesimama kando ya barabara, akilitafakari jambo hilo, aliposimama mbele yake mfugaji mmoja mwenye pikapu kuukuu iliyokuwa ikitoa moshi mzito.

"Waryaa! Si hiyo ndiyo ile ya Garissa, ya kuamsha dizeli?" yule mfugaji aliuliza, tayari ameshaingiza mkono mfukoni. "Nitajie bei yoyote!"

Nunow alizitazama noti. Akakitazama kiamshi. Akakibana kifuani kwa mikono yote miwili.

"Hapana, walaal," alisema. "Hiki hakiuzwi."