Mwenyekiti Aitisha Kura ya Imani

Jumatatu, 3 Novemba

Siku mbaya. Nimeamka na kukuta ujumbe mia na nane kwenye kundi letu la WeChat, na karibu wote unamshukuru Kiplagat. Kumbe jana wanafunzi wapya watatu walikwama polisi kwenye kuandikisha makazi. Kiplagat akaenda nao, akawatafsiria, akawarudisha na machungwa. Machungwa! Mwanafunzi wa udaktari kutoka Eldoret, hana cheo chochote kwenye Umoja wa Wanafunzi wa Afrika Mashariki hapa Guangzhou, lakini anazunguka mjini akitenda mema bila kumwarifu Mwenyekiti. Mwenyekiti ni mimi.

Mtu mmoja ameandika kwamba Kip ndiye angefaa kutuongoza. Amepata vidole gumba ishirini na sita. Nimehesabu mara mbili.

Hili si la kuchezea. Kila Jumamosi redio moja ya Moshi hunipigia kwenye kipindi cha viongozi wetu walio nje, nikachambua siasa za Uingereza. Mtangazaji, Jaffari, hunitambulisha hivi: Mwenyekiti Elisante Mmari, akiwa ng'ambo. Hataji kwamba ng'ambo yenyewe ni China, na kwamba London sijawahi kuikanyaga. Kule Machame mama yangu huwasha redio sebuleni, majirani hukaa, chai humiminwa. Nikivuliwa cheo nitakuwa nani? Mwanafunzi tu anayesoma magazeti ya watu. Mama atawaambia nini?

Lakini siasa ndiyo fani yangu. Tasnifu yangu nzima inahusu mawaziri wakuu wa Uingereza na vyama vyao. Kule kiongozi shupavu akisikia minong'ono hangoji kupinduliwa. Anajitokeza mwenyewe na kusema: haya, nipigieni kura, la sivyo mnyamaze. Wapinzani wanakutwa hawajajipanga. Nitaitisha kura ya imani juu yangu mwenyewe. Jumapili hii hii! Kiplagat hatapata hata muda wa kwenda sokoni.

Jumanne, 4 Novemba

Nimemweleza Jovitus, mwenzangu wa chumba, ambaye nimemteua kuwa msemaji wangu. Jovitus anasomea ujenzi wa madaraja na ana tabia mbaya ya kusoma vitu vya watu vilivyo mezani. Akauliza kama sura ya tatu ya tasnifu yangu haisemi kwamba walioumia zaidi ni viongozi walioitisha kura ambayo hakuna aliyewalazimisha. Yule aliyeitisha kura ya maoni kuhusu Ulaya ili awanyamazishe watu wa chama chake, akapoteza kura na kazi. Yule aliyeitisha uchaguzi mapema ili aongeze wabunge, akawapunguza. Nikamwambia hiyo ni nadharia. Akasema nadharia hiyo ina kurasa arobaini. Nikamwambia akapike.

Saa sita mchana nimetangaza kundini. Na kwa kuwa tuko China, nimefungua jielong, ile orodha ambayo kila mtu huinakili, huongeza jina lake chini ya la mwenzake, kisha huirudisha kundini. Hapa bila jielong hakifanyiki kitu, iwe safari, chanjo au kreti ya soda. Nimeipa kichwa: TUNA IMANI NA MWENYEKITI. 1. Elisante.

Saa kumi: 1. Elisante.

Saa kumi na mbili Jovitus ameongeza jina lake, kisha akaliondoa. Anasema alibonyeza vibaya.

Jumatano, 5 Novemba

Vyombo vya habari! Domina, katibu wetu, ndiye anayeendesha ukurasa wa habari za Umoja, na kwa kuwa anasomea uandishi wa habari haogopi mtu. Leo kaandika: "Mwenyekiti Aitisha Kura, Hakuna Aliyeiomba." Chini yake kaweka picha ya kabichi ya Kichina na kuwauliza wasomaji ni nani atakayedumu hadi Jumapili, kabichi au mimi. Kaiga! Gazeti la London ndilo lililofanya hivyo, kwa waziri mkuu aliyekaa wiki saba, na lilitumia saladi, si kabichi. Nimemwandikia kumsahihisha. Akanishukuru, na barua yangu akaichapisha.

Kabichi inaongoza.

Nikaona nitumie mbinu za wakubwa. Kule waziri akitaka jambo lijulikane halisemi yeye. Magazeti huandika tu kwamba vyanzo vilivyo karibu naye vinaeleza. Basi nimemtumia Domina ujumbe na kumsisitizia asitaje jina: vyanzo vilivyo karibu na Mwenyekiti vinaeleza kwamba ametulia, ana nguvu, na anakula vizuri.

Haikupita saa moja. "Chanzo kilicho karibu sana na Mwenyekiti, kinachovaa viatu vyake na kutumia simu yake, kimesema Mwenyekiti anakula vizuri."

Chakula hakipiti. Tangu mchana nina chai tu tumboni.

Ijumaa, 7 Novemba

Mama kapiga. Kauliza kesho nitazungumzia nini, maana mama mchungaji naye anakuja kusikiliza. Mama mchungaji! Nikasema nitazungumzia uongozi.

Jielong yangu iko palepale, jina moja, siku ya nne. Na Mama Dorothea, mwenye mgahawa wetu pale Xiaobei, naye kafungua yake leo: anayekula ugali Jumapili baada ya mkutano aandike mapema, ajue asonge unga kiasi gani. Kufika adhuhuri, majina arobaini na sita! Watu ambao hawajajibu salamu yangu tangu Septemba wamejiandikisha wenyewe bila kubembelezwa. Inauma, siwezi kuficha. Nimeitazama orodha ile mpaka macho yakaniwasha.

Kisha nikawaza. Hawa si ni watu walewale? Mkutano si uleule? Mtu asiyekuamini angekuja kwenye mkutano wako? Kuja kwenyewe ni imani!

Nimeinakili. Nikafuta kichwa cha Mama Dorothea, nikaweka changu. Nikairusha kundini na kwa Domina, nikaandika: umma umesema. Halafu nikazima simu nisije nikaonekana nashangilia.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimewasha simu dakika tano kabla ya kipindi, saa tisa alasiri hapa, saa nne asubuhi Moshi. Sikufungua ujumbe wowote. Nikaongea dakika kumi na mbili bila kumeza mate kuhusu wanasiasa wa Uingereza ambao kosa lenyewe halikuwaangusha, kilichowaangusha ni uongo wa kulifunika. Jaffari akauliza kwa nini watu wenye akili zao hawajifunzi. Nikasema ni kiburi, ndugu Jaffari. Nilijisikia vizuri sana.

Kisha nikafungua kundi.

Nilibadilisha kichwa. Majina sikuyapitia! Sasa Guangzhou nzima inasoma:

TUNA IMANI NA MWENYEKITI
4. Agape, bila pilipili
9. Fifi, samaki asiwe mkavu
17. Dullah, sahani mbili
31. Kiplagat, mboga tu

Domina hakuongeza neno lake hata moja. Kaiweka orodha yote chini ya kichwa "Umma Umesema." Kwa mara ya kwanza kaninukuu sawasawa.

Mama Dorothea kanitumia ujumbe wa sauti. Yeye hajui siasa, anachojua ni kwamba watu watano wamejiandikisha kwenye orodha yangu wakidhani ni yake, na sasa hajui anunue samaki wangapi. "Wewe baba, hata ugali unauibia kura?" Aliponiita baba hakuwa ananiheshimu.

Jumapili, 9 Novemba

Mkutano kwa Mama Dorothea. Wajumbe walitaka kula kwanza. Nikakataa, nikasema kwanza kura. Kosa la kiufundi. Mtu mwenye njaa hana imani na yeyote.

Nimehutubia dakika ishirini. Jovitus anasema nimelitaja bunge la London mara tisa na bei ya vyumba vya bweni sikuitaja kabisa. Domina akaomba mikono. Wasio na imani: kila nilikotazama, mikono. Wenye imani: mitatu. Wangu, wa Jovitus na wa Kiplagat. Halafu ikapitishwa birika ya kunawa, Jovitus akaushusha wake anawe, na hakuurudisha. Ikabaki miwili.

Kiplagat! Nikamfuata jikoni nikamuuliza kwa hasira alikuwa na maana gani kuniunga mkono. Akanitazama kama mgonjwa wake. "Ai, chair, mkono moja ingekaa vibaya." Sitamsamehe. Papo hapo wakamchagua yeye, na hakuwa amegombea. Alikuwa anagawa sahani.

Jumanne, 11 Novemba

Kuondoka nako kuna heshima yake. Kule London kiongozi anayeng'oka husimama barabarani mbele ya mlango wake na meza ya kuhutubia. Anasema maneno machache, sauti inakatika kidogo mwishoni, anaingia ndani. Nilikosa meza tu.

Cyrille, mfanyabiashara wa Lubumbashi anayekusanya mizigo kwenye jengo moja la Xiaobei, alikuwa na mimbari ya plastiki ing'aayo kama kioo, ikisubiri kontena la kanisa la kwao. Akaniazima kwa saa mbili. "Lakini attention, ndugu yangu! Ikipata mukwaruzo, pasteur ataniua."

Tukaileta kwa kigari cha matairi matatu na kuisimamisha mbele ya bweni. Nilivaa suti. Domina alikuja na kamera. Nikaanza: ndugu wana-Umoja, mliponipa dhamana hii. Sikufika mbali. Mlinzi wa bweni aliona mtu wa suti, mimbari yenye msalaba na maandishi ya Kifaransa, na wanafunzi wanne wamesimama kwa adabu, mmoja amefumba macho. (Jovitus. Anasema ni jua.) Akajua nahubiri, na hapa kuhubiri barabarani hakuruhusiwi. Akapiga simu, wakaja wenzake wawili wakiuliza ni dini gani. Nikasema si dini, ni utaratibu wa Uingereza. Wakaomba pasipoti ya Uingereza.

Kichina changu kinatosha kupunguziwa bei ya mashati soko la Shahe, hakitoshi kueleza nchi isiyo na katiba iliyoandikwa. Ilibidi aitwe mtu wa kutafsiri. Nani? Sitaki hata kuliandika jina lake. Dakika tano tu, wakacheka wote, wakaniachia. Mimi sikuambiwa walichokuwa wanacheka.

Jumamosi, 15 Novemba

Wiki ya mateso. Alhamisi Jaffari aliniandikia kwamba wamesikia kuna Mwenyekiti mpya, na kipindi ni cha viongozi, kwa hiyo watampigia huyo. Nilitaka kumwambia mama. Nikampigia mara mbili, na mara zote mbili nikaishia kuuliza ndizi zinauzwaje.

Leo saa tisa simu ikalia. Jaffari! Akasema bwana Kiplagat amewajibu kwamba yeye anajua magonjwa ya ini tu. Mambo ya Uingereza hapa anayeyajua ni Elisante, wampigie Elisante kama kawaida, asiwe na cheo au awe nacho. Wakanitambulisha: Mchambuzi Elisante Mmari.

Baadaye mama akapiga. Mama mchungaji kamwambia kwamba mchambuzi ni mkubwa kuliko mwenyekiti, kwa sababu wenyeviti wako kila kitongoji. Kisha akasema yeye hizo siasa hazifuati sana, husikiliza kama nina kikohozi. Machozi yalinilenga. Nasema kweli, yalinilenga.

Nikajifuta, nikatafakari kama mwanasiasa. Kiongozi kapewa redio bure, akaikataa na kumpa aliyemtangulia. Kwa nini? Anaogopa kipaza sauti! Huo ndio udhaifu niliokuwa nautafuta muda wote. Kanuni zetu zinaruhusu wanachama kumi kuitisha kura ya kutokuwa na imani na Mwenyekiti. Nimeshafungua jielong. Nina jina moja, bado tisa. Nitaanza kwa kumwomba Kiplagat, maana huyo hajawahi kuninyima kitu.