Data Haipendi Mwanga

Aristides aliiona simu kabla hajamwona mwenye simu. Ilikuwa kiganjani mwa mama mmoja wa makamo, kitenge cha kwaya, viatu vina udongo mwekundu wa mlimani, na kioo cha simu bado kina karatasi yake ya kiwandani. Moyo wa Aristides ukapiga magoti. Simu ya namna ile hapa Arusha, Chuga yetu, wanayo wauza madini na watoto wa wauza madini, si mama anayenukia moshi wa jikoni.

"Shikamoo, mama yangu!" Alikwishasimama, stuli ameshaifuta vumbi.

"Marahaba, baba. Ni hapa wanapohamisha vitu vya simu?"

"Umefika, mama. Ungepita hapa ungeibiwa."

Tumsifu kidogo kijana wetu, maana haki ni haki. Kibanda chake nyuma ya stendi ndogo kilikuwa kisafi, na ulimi wake ungemtoa nyoka pangoni. Watu walionunua simu mpya walimletea pamoja na ile ya zamani, naye akawahamishia majina, picha na nyimbo za dini. Mpaka hapo ni kazi halali. Shida ilikuwa kile kitambaa cheusi. Kila kazi aliifanyia chini ya kitambaa kwa sababu, kama alivyowaeleza wateja kwa uso wa kiserikali, data haipendi mwanga. Chini ya kitambaa simu mpya iliingia, ikatoka feki yenye sura ileile, majina yote yamo, picha zote zimo. Mteja akiwaona wajukuu zake wanacheka kiooni, anamshukuru Mungu na kwenda zake. Nani atamkagua mjukuu wake?

Lakini hii simu hakuitaka ya kuuza. Jumamosi alikuwa anakwenda kuposa. Evelyn, mwalimu wa chekechea huko Moshono, alimjua kama fundi mwaminifu, na Aristides alimpenda. Nasema alimpenda, msinibishie. Hata tapeli ana moyo, ila huutumia mara chache usichakae. Kwa ajili ya Evelyn alikuwa tayari kuacha utapeli wote, kuanzia mwezi ujao. Kwanza tu alitaka aingie ukweni na kitu mkononi cha kuwanyamazisha wajomba.

Sasa, huku kwetu watu wawili hawanunuliani hata mkungu wa ndizi bila kuulizana kwanza: wewe ni wa kwa nani, ukoo gani, kwenu ni juu ya kanisa au chini ya kanisa? Aristides, mtoto wa Rombo, alilijua hilo vizuri, na kila siku aliuliza. Siku hiyo macho yake yote yalikuwa kwenye simu. Hakuuliza. Mama naye, kwa sababu zake, hakusema.

"Nimeletewa na binti yangu," alisema tu. "Nina nyimbo za kwaya kwenye hii ya zamani, sitaki zipotee."

"Hazipotei, mama. Geukia huko kidogo, data ina aibu."

Mama akageuka, akatazama Mlima Meru uliojifunika mawingu. Kitambaa kikatikisika. Baada ya muda fundi akaitoa simu, akacheza wimbo wa kwaya, sopurano safi.

Mama akaipima simu mkononi. "Mbona imekuwa nyepesi?"

"Ilikuwa na hewa ya kiwandani, mama. Nimeitoa."

"Nimeingiza vitu vyangu vyote, ikawa nyepesi?"

"Ndiyo teknolojia yenyewe!"

"Aisee," mama akasema taratibu, akalipa, akaondoka.

Aristides hakungoja hata vumbi la viatu vyake litue. Fundi wa kweli angeifuta ile simu kabisa kabla ya kuitumia. Yeye mwenyewe aliwahubiria wateja hivyo kutwa nzima. Lakini simu haikuwa na namba ya siri, haikuwa na picha hata moja, akaiona bikira. Akaunganisha ya kwake ya zamani na ile mpya, akahamisha maisha yake yote, kila picha, kila jina. Kisha akaifuta ile ya zamani na kumuuzia mpita njia. Kinyozi akosae wa kumnyoa hujinyoa mwenyewe, lakini hujikata.

Yule mama aliitwa Tabitha Sumari, wa Akheri, shangazi yake Evelyn. Katika ukoo wao posa haijibiwi mpaka shangazi akamwone mchumba akiwa kazini, bila kujitambulisha, maana mtu akijua anatazamwa hugeuka malaika. Na simu ile Evelyn ndiye aliyeinunua. Kwa kuwa shangazi hakuwa na akaunti, Evelyn aliingiza ya kwake, akaiamuru simu ihifadhi humo kila picha na kila jina.

Basi jioni, shangazi akiwa ametua Moshono na feki yake, simu ya Evelyn ikaanza kupokea wageni.

Ya kwanza ilikuwa picha ya Aristides anatabasamu, ameshika simu ya mtu. Ya pili, simu nyingine. Kumbe alikuwa na ugonjwa wa kujipiga picha na kila alichoiba, kama mwindaji na swala wake. Majina nayo yakaingia: "Mzee Abdiel Kalala", "Manase Kaingia Mjini", "Blessing Akiba". Blessing mwenyewe akafuata, dada wa Usa River, ameinua kidole chenye pete ya jiwe la bluu lililokaa upande.

Evelyn akatazama kidole chake. Jiwe la bluu. Limekaa upande.

Alilia, tusimfiche. Shangazi akamwacha alie mpaka akatosheka.

"Nifute, shangazi? Nifute yote nisiyaone tena?"

"Lia, mwanangu, lakini usifute. Hawa wote si wana namba?"

Jumamosi Aristides alipanda Akheri amevaa suti, simu mpya mfukoni juu ya moyo, kreti za soda nyuma, na mshenga wa kukodi mbele: Mzee Sylvanus, sauti nzito, kofia nzito, maarifa ya kawaida. Uani mwa kina Sumari, kati ya migomba na kahawa, mabenchi yalijaa watu.

"Ukoo mkubwa huu," mshenga akanong'ona. "Utakula kitu cha maana."

Aristides akaanza kusalimia toka mwanzo wa benchi, mgongo umeinama kwa adabu. "Shikamoo." "Marahaba." "Shikamoo." "Marahaba." "Shikamoo."

"Marahaba, fundi," akajibu Mzee Abdiel. "Wajukuu wangu hawajambo."

Aristides akainua macho. Pembeni yake Manase alikuwa ameikunja mikono ya shati. Karibu na jiko dada mmoja alikuwa anamenya ndizi kwa kisu kirefu, akampungia kwa kisu hichohicho: Blessing. Kijana akachomoa simu aite bodaboda. Kioo kilikuwa cheusi, na juu yake maandishi meupe: *Simu hii ni ya Tabitha Sumari. Irudishe.*

"Karibu, mchumba," akasema shangazi, akitoka ndani. Akaichukua simu mkononi mwa kijana, akaweka feki mahali pake. "Data zako zote zimehamia hapa kwetu. Tumezihesabu, hakuna iliyopotea njiani. Kaa hapo katikati."

"Mimi nimekodiwa tu," Mzee Sylvanus akatangaza kwa sauti yake nzito, akavua kofia, akahamia benchi la wenyeji na kuuliza kama loshoro ya mahindi na mtindi imeiva.

Evelyn akasimama mlangoni. Pete alikwishaivua. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti haikutetemeka.

"Niambie kitu kimoja tu, Aristides. Mimi ulinipenda?"

Suti ilikuwa imelowa mgongo mzima. Hakutafuta neno tamu, hata moja.

"Nilikupenda, Evelyn. Haki ya Mungu, nilikupenda kweli."

Lilikuwa jambo la kweli kuliko yote aliyowahi kusema tangu afungue kibanda, na mabenchi yote yakaangua kicheko.