Gari Langu Si Mchezaji

Badi Saad Abdalla,
Mwalimu mstaafu,
Mtaa wa Shela, Malindi.
22 Julai 1985

Kwa Mkaguzi Mkuu wa Magari,
Nairobi.

Bwana Mkaguzi Mkuu,

Salamu na heshima zikutangulie. Umri wako siujui, kwa hivyo shikamoo yangu naiweka hapa mwanzo. Ikiwa wewe ni mdogo kwangu, tafadhali nirudishie kwa posta ya kwanza.

Mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na minane. Nimesomesha Kiswahili katika shule za msingi kwa miaka thelathini, sijapata kushtakiwa kwa lolote, na mpira sijaucheza tangu nilipovunjika kidole cha mguu mwaka wa 1941. Hili la mpira nalitaja mapema kwa sababu, katika karatasi za serikali, hivi sasa mimi ni mmiliki wa mchezaji wa mpira. Mchezaji huyo ni gari.

Alhamisi tarehe 8 Agosti, inshallah, namuoa Bi Shekha binti Badawi wa Mambrui, naye ameniwekea sharti moja tu. Alipoolewa mara ya kwanza alichukuliwa kwa lori la chumvi, na mawifi zake wanne wakapanda pamoja naye. Mmoja alimkalia mapajani toka Mambrui mpaka Malindi, akashuka naye, akaingia naye nyumbani, akakaa miaka kumi na tisa. Mume, Mungu amrehemu, alifariki; wifi aliendelea kungoja chai. Kwa hiyo mara hii Shekha ameapa hatoki kwao ila kwa gari la viti viwili, chake na changu, pasiwe na pa kuweka hata mkoba. Mimi nina dada watatu, Bwana Mkaguzi, na wote wameshafua mabuibui yao ya safari. Hofu ya Shekha naielewa. Nampenda, na sioni haya kuliandika hilo katika barua ya serikali.

Mpwa wangu Zein, anayefanya kazi Dubai, nilimweleza shida hii naye akaninunulia gari jekundu la Kitaliano, kuukuu lakini zima, lenye viti viwili na kimo cha mbuzi aliyelala. Lilifika na meli mwezi wa Februari. Tangu hapo yamenipata haya yafuatayo, nami nayalalamikia moja moja.

1. Neno. Zein aliniandikia aina ya gari kwa Kizungu. Bandarini, karani wa ushuru aliponiuliza nimeleta nini, sikuona sababu ya kumjibu kwa lugha ya watu. Nikamwambia kwa Kiswahili sanifu: gari la michezo. Akafunua daftari lake, akashuka na kidole mpaka penye vifaa vya michezo, akaliandika gari langu chini ya mipira na juu ya nyavu. Ushuru ukatoka mdogo kuliko nilivyohofia, nami nikanyamaza. Nalikiri hili ili ujue kwamba naandika kwa moyo safi. Lakini mhuri alioupiga unasema "Kwa matumizi ya uwanjani tu", na mhuri huo ndio ulioniponza.

2. Bwana Phineas, mkaguzi wako wa hapa Malindi, ni muungwana sana na sina ugomvi naye ila huu. Gari lilifikishwa kwake juu ya lori. Akalizunguka mara tatu. Akaona usukani uko kushoto, akaona taa za mbele zimefumba kama mtu aliyesinzia, akaona na nyasi za ua wake zimelipita gari kwa urefu. Hayo yote alikuwa tayari kuyavumilia, mradi ayaandike. Aliposoma mhuri ndipo alipoweka kalamu chini. Alinieleza kwa upole kwamba kazi yake ni kukagua magari, na kifaa cha michezo si gari; kwamba hajapata kuukagua mpira kama una breki, na hataanza na mimi. Nikamwonyesha magurudumu. Akanijibu kuwa hata kile kitoroli cha kuchorea chokaa uwanjani kina gurudumu, na hakijawahi kuletwa kwake. Akanielekeza kwa afisa wa michezo.

3. Afisa wa michezo alinipokea kwa furaha kubwa, maana nilikuwa mgeni wake wa kwanza mwaka huu. Alisema hakuna kifaa kinachoishi peke yake. Kila kifaa sharti kiwe na klabu. Nikaliandikisha gari kwa Nyota wa Kisimani. Kocha wao ni Bwana Fondo, fundi cherehani, ambaye timu yake ilikuwa haijaonja ushindi tangu mwaka juzi. Nilidhani jina la gari litaandikwa daftarini na mambo yaishe. Kumbe Bwana Fondo ana sheria yake: asiyefika mazoezini hapati namba. Na namba, Bwana Mkaguzi, ndiyo hasa niliyokuwa naitafuta. Nikafika mazoezini. Nikapewa namba tisa ya kitambaa cheupe, kaishona yeye mwenyewe, ikafungwa nyuma pale ambapo magari ya wenzangu yana namba za serikali.

Kama mshambuliaji gari halikufaa. Likishaondoka halisimami upesi, kwa hiyo lilikuwa likiotea kila mara. Katika mechi ya kwanza lilipewa kadi ya njano kwa kupiga honi bila idhini ya refa, na mimi niliyekuwa ndani nikaambiwa nisibishane. Sasa linacheza golini, limeegeshwa kiubavu, na tangu lihamishwe tumefungwa bao moja tu, lililopita juu yake. Tumekuwa wa tatu katika wilaya. Bwana Fondo alitokwa na machozi ya furaha, akaniomba nisihuzunike kuwa gari langu halitoki uwanjani. Siandiki haya kwa kujisifu.

4. Kifaa cha uwanjani hakiruhusiwi kuendeshwa barabarani, kwa hiyo wachezaji kumi hulisukuma toka nyumbani kwangu mpaka uwanjani na kulirudisha. Ni kumi, kwa kuwa wa kumi na moja ni gari lenyewe. Wiki mbili zilizopita askari alitusimamisha, akasema watu kumi wanaoimba nyuma ya kitu chekundu ni maandamano, na maandamano yanataka kibali. Nikaomba kibali. Fomu ikauliza maandamano yanadai nini. Nikaandika ukweli: yanadai gari liruhusiwe kupita barabarani, ili maandamano yakome. Mpaka leo sijajibiwa.

5. Usukani. Sina leseni, kwa hiyo Bwana Phineas, kwa kunihurumia, alikubali kunijaribu udereva pale pale uwanjani, ili siku neno litakaporekebishwa niwe tayari. Bi Shekha alikuja na kaka yake kutazama, nasi tukamketisha kiti cha pili, ambacho katika gari hili ni cha kulia. Bwana Phineas, kwa kukosa kiti cha tatu, alitukimbilia ubavuni na fomu zake mkononi. Sasa fomu inasema dereva ni yule aliyekaa kulia. Basi aliyejaribiwa ni Shekha. Alitulia, mikono kaipakata, hakugonga kibendera hata kimoja cha kona, akafaulu. Mimi nikaandikiwa kosa la abiria kumnyang'anya dereva usukani. Mchumba wangu ana leseni, Bwana Mkaguzi, na klachi hajui inakanyagwa kwa mguu gani.

6. Nilikuwa na la sita, lilihusu kioo cha pembeni. Nimeliacha, maana kioo chenyewe kimeibwa na washabiki wa timu ya Gongoni.

Kwa hayo yote naomba moja kati ya mambo mawili. La kwanza ni jepesi: lifute lile neno, uandike "gari" na kuweka nukta.

Ikiwa neno likishaandikwa na serikali halifutiki, basi naomba la pili, nalo nimelifikiria sana. Kama gari langu haliruhusiwi kutoka uwanjani, uwanja hauwezi kuongezwa urefu? Naomba barabara ya Mambrui mpaka Malindi itangazwe kuwa uwanja wa mpira kwa siku moja, Alhamisi tarehe 8 Agosti, baina ya adhuhuri na alasiri. Habari ya chokaa nimeshazungumza na Bwana Fondo. Mistari itachorwa kando zote mbili. Goli moja litasimama Mambrui mbele ya nyumba ya kina Shekha, na jingine mlangoni kwangu. Mapumziko yatakuwa kwenye daraja la Sabaki. Mabasi ya Lamu yakitaka kupita yataingia kama wachezaji wa akiba, moja moja, kwa idhini ya refa. Dada zangu watakaa na washabiki nje ya mstari, na atakayevuka mstari kulifuata gari itakuwa ni faulo. Kwa mpango huu hakuna sheria yako hata moja itakayovunjwa, isipokuwa ile ya vipimo vya uwanja, ambayo nimeambiwa si juu yako.

Zimebaki siku kumi na saba, Bwana Mkaguzi, na naogopa. Shekha si mtu wa kusema jambo mara mbili. Nyumba yangu imekaa kimya tangu nilipofiwa na mke miaka sita iliyopita, na nimechoka kupika chakula cha mtu mmoja.

Nisalimie wote ofisini mwako, hasa Bi Jedida anayepiga taipu barua zako za kukataa, ambazo Bwana Phineas alinionyesha, kwa kuwa nafasi zake baina ya maneno ni nzuri mno. Wasalimie na wa nyumbani kwako wakubwa kwa wadogo, pia dereva wako, ambaye natumaini hukaa kulia.

Wako ninayengoja mhuri,

Badi Saad Abdalla

Nyongeza. Barua hii nilikuwa nimeshaibandika stempu, nikaona si vibaya kwanza nikamsomee Bi Shekha huko Mambrui. Aliisikiliza yote mbele ya mama yake, mpaka kwenye chokaa na daraja. Akaniuliza nimefikaje kwao. Nikamjibu nimekuja kwa miguu kama nijavyo kila wiki, kwa sababu nimeapa sipandi gari la watu na langu limelala nyumbani. Akauliza dada zangu mbona sikufuatana nao. Nikasema dada zangu magoti yao hata sokoni hayawafikishi bila kupumzika mara mbili.

"Miezi mitano waja kwa miguu na warudi kwa miguu, na bado hujaona?" akanambia. "Mtu akitembea hana mapaja ya kukaliwa, Badi."

Kwa hiyo, Bwana Mkaguzi, naomba yote niliyoyaomba hapo juu usinipe. Neno liache lilivyo. Gari libaki golini, kwani Jumapili tuna mechi ya marudio na Gongoni na Bwana Fondo hana kipa mwingine. Nauliza jambo moja tu, maana nimeshakoma: mume na mke wakitoka Mambrui kwa miguu mpaka Malindi siku ya harusi yao, inahitajika wakaguliwe? Kama inahitajika, tafadhali chelewa kunijibu, kama ilivyo kawaida ya ofisi yako.