Dakika Sita za Barabara ya Mashariki

Jumatatu, 9 Juni

Nina hasira. Naanza na hilo ili mtu asije akadhani nilikuwa mtulivu nikaharibikiwa baadaye.

Kikao cha asubuhi. Mkuu wa kitengo katangaza kwamba wiki hii tunapima ucheleweshaji wa magari kwenye barabara kuu mbili za mkoa. Itakayoonekana kuwa na hali mbaya zaidi ndiyo itakayopanuliwa, na mpimaji wake ndiye atakayekuwa msimamizi wa vipimo vyote. Atapewa ile ofisi yenye dirisha. Mimi mwaka wa saba huu nakaa ukuta mmoja na choo.

Barabara ya kaskazini, yenye mizani, malori na matusi, nilijua ni yangu. Kapewa Desimali.

Si jina lake. Tunamwita hivyo kwa sababu hawezi kusema dakika nane, lazima iwe nane nukta tatu. Ana miaka miwili kazini. Alinipa mkono na kunitakia kazi njema. Dharau ya mchana kweupe.

Mimi nimepewa mashariki. Lami mpya, imenyooka kama rula. Hakuna kitu kule.

Jumanne, 10 Juni

Kazi ni hivi. Mwanzo wa barabara anakaa mwalimu mmoja mstaafu, mama mkavu aliyeajiriwa kwa wiki hii tu. Anaandika namba ya kila gari na saa lilipompita. Mimi nakaa kilomita arobaini mbele, meza chini ya mwavuli, naandika namba zile zile na saa zinaponifikia. Barabara ikiwa tupu, safari ni dakika thelathini na nane. Kinachozidi hapo ndicho ucheleweshaji.

Wastani wangu wa leo: dakika sita. Sita!

Nilimpigia Desimali, eti kumjulia hali. Akasema kwa sauti ya msiba kwamba kwake ni arobaini na saba nukta mbili, na kwamba madereva wanamtia huruma. Huruma gani. Anachekelea huyo.

Nikampigia Mwalimu. Nikamwomba awe anarudisha saa zake nyuma kidogo, robo saa tu, kwa maendeleo ya mkoa. Akaniuliza nilisoma shule gani. Nikamtajia. Akasema walimu wa pale anawafahamu, atawapa pole.

Usiku mke wangu alizungumza kwa muda mrefu nikiwa kwenye hesabu. Kitu fulani kuhusu Alhamisi. Niliitikia.

Jumatano, 11 Juni

Dakika nne. Barabara hii inazidi kuwa nzuri ili kunikomoa.

Nilimshauri polisi wa barabarani asimamishe malori akague matairi. Akajibu kwamba matairi yako salama, ila meza yangu imekaa vibaya. Akanihamisha mimi.

Mchana nikasoma mwongozo wa kazi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukurasa wa kumi na moja unasema mpimaji anaweza kuwahoji madereva. Hausemi maswali mangapi.

Nimeandika thelathini na mawili.

Alhamisi, 12 Juni

Saa moja na nusu asubuhi nilifunga kamba kukatiza barabara. Polisi alikuwa likizo, ndiyo maana niliichagua siku hii. Swali la kwanza: unatoka wapi. Swali la kumi na tisa: eleza kwa maneno yako mwenyewe unavyojisikia ukicheleweshwa. Dereva wa lori la vigae alieleza. Maneno yake hayaandikiki. Nikajaza "anajisikia vibaya".

Kufika saa tatu foleni ilikuwa imepita upeo wa macho. Ninamruhusu mmoja, wanaongezeka kumi. Kwa mara ya kwanza wiki hii, hasira ilinishuka.

Abiria wakaanza kuteremka kwenye mabasi na kuja mbele kwa miguu. Akanifikia mwanamke, viatu mkononi, bahasha kaikumbatia kifuani. Sikuinua uso. Nikamwambia tunahoji madereva peke yao.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Mke wangu. Kavaa lile gauni la bluu ambalo halivai hovyo.

Ndipo nikajua Alhamisi ilikuwa na nini. Usaili wa kazi ya maabara, hospitali ya mjini, saa nne kamili. Miaka miwili anaingoja kazi hii. Ilikuwa saa nne kasoro dakika tatu, na mji uko kilomita kumi na mbili mbele.

Nikasema nitalifungulia njia basi lake. Akanionyesha lilipo: halionekani. Yule dereva wa vigae, aliyekuwa bado kwenye swali la ishirini na saba, akashuka, akamfungulia mlango, akamwambia dada panda. Wakaondoka. Hakumaliza dodoso.

Alifika saa nne na dakika ishirini na mbili. Walikwishaita jina lake mara tatu, wakafunga.

Jioni hakugomba. Angegomba ningejua la kujibu. Alilikunja gauni polepole, akaliweka kabatini, akaniuliza kama nilimsikia aliponiambia Jumanne. Nikasema nilimsikia.

"Afadhali ungekuwa kiziwi," akasema, na akahamia chumba cha watoto.

Ninamlaani Desimali. Kama asingepewa kaskazini, haya yote yasingetokea.

Ijumaa, 13 Juni

Kikao cha matokeo. Kaskazini: dakika arobaini na tisa. Mashariki, kwa kipimo cha jana: saa moja na dakika hamsini na nne. Mkuu alivua miwani, akanitazama kama mtu anayeniona kwa mara ya kwanza, akasema hongera. Nikasimama kushukuru. Hotuba nilikuwa nayo mfukoni.

Mwalimu akanyoosha mkono.

Alieleza kwamba jana magari yalianza kugeuza na kumrudia, madereva wakilalamika njia imezibwa. Akakodi pikipiki, akaifuata foleni kutoka mkiani mpaka kichwani. Kichwani alikuta kamba na meza. Mkuu akauliza meza ya nani. Wote walinitazama mimi, isipokuwa Desimali, aliyetazama viatu vyake. Angecheka tu, nimchukie kwa raha.

Itapanuliwa kaskazini. Ofisi ya dirisha ni ya Desimali. Mimi nilikuwa nafukuzwa kazi, barua ilishaanza kuchapwa, lakini Desimali akaniombea nibaki niwe msaidizi wake. Ukatili wa namna gani huu?

Nyumbani nilikula peke yangu.

Jumatatu, 16 Juni

Mke wangu kaja ofisini. Nikavuta kiti, nikakipangusa. Akanipita. Kaingia kwa Desimali, mlango ukafungwa.

Akatoka na barua yenye mhuri, kwa hospitali. Inathibitisha kwamba siku ya Alhamisi barabara ilizibwa, magari yakachelewa kwa wastani wa dakika mia moja na kumi na nne nukta sita, na kwamba mama huyu hakuwa na kosa lolote. Chanzo cha kuzibwa: kosa la mpimaji.

Nilimfuata Desimali. Nikamwambia muungwana angeandika "sababu za kiufundi". Akasema alitaka kuandika hivyo, ila mke wangu alikataa.

Jumanne, 17 Juni

Hospitali imekubali. Usaili kesho, saa nne.

Kaniambia mwenyewe, mezani, maneno ya kwanza tangu Alhamisi. Safari hii niliweka kalamu chini nikasikiliza. Alisema alipofungiwa ule mlango alikaa kwenye ngazi za hospitali saa nzima, hajui arudi nyumbani kwa nani. Nikamwomba msamaha, bila kumtaja Desimali hata mara moja, na Mungu ni shahidi nilitaka kumtaja. Nikamuuliza nimfanyie nini kesho.

"Kaa," akasema. "Usinisaidie. Kaa tu."

Maskini, ni woga. Anadhani basi litachelewa tena. Halitachelewa. Mke wangu hawezi kukosa kazi mara mbili kwa ajili ya magari ya watu wengine. Saa mbili asubuhi nitakuwa pale njia panda ya kuingilia mjini, na nitasimamisha kila kitu chenye magurudumu, kiendacho na kirudicho, mpaka basi lake lipite peke yake.

Hakuniambia atapanda basi lipi. Si kitu. Nitayasimamisha yote, niingie moja moja, mpaka nimwone.