Profesa wa Ardhi Inayovimba

Hakuwa profesa wa chochote. Cheo hicho alijipa mwenyewe siku aliponunua kizibao cha njano na kofia ngumu ya mjengoni. Alikuwa amesikia redioni kwamba ardhi huweza kuvimba na kuinama taratibu kabla ya tetemeko, na kwamba kuna vyombo vya kupima mwendo huo. Wenzake walisikia habari za sayansi. Yeye alisikia nyumba za bei ya kutupa.

Aliyoitolea udenda ni nyumba ya kona, mali ya mjane wa fundi saa. Kwanza akaulainisha mtaa. Alizunguka na pima maji ya waashi, ile ya kupimia usawa, aliyoipachika taa nyekundu, akiilaza kwenye baraza za watu na kuguna kama daktari. Kila alipoilaza alichomeka sarafu chini ya ncha moja, na kiputo cha hewa kikakimbilia huko. Kinyozi wa mtaa akawahamishia watoto wake kwa shemeji yake. Hakuna aliyelala vizuri isipokuwa Profesa.

Ndipo akabisha hodi kwa mjane. Akalaza pima maji sebuleni, na kabla hajaitoa sarafu mfukoni, kiputo kilishakimbia. Mtu wa kujiuliza maswali angejiuliza hapo. Profesa akawashukuru kimoyomoyo mafundi wabovu waliomwaga sakafu ile.

"Mama, sikufichi," akasema. "Ardhi yako inavimba."

Mjane akalia mpaka ushungi ukalowa. Nyumba atainunua nani sasa? Profesa akajitolea, kwa huruma tu, maana alihitaji mahali pa kuweka vyombo vyake. Ajabu ni kwamba mama, katikati ya kwikwi, alimkamua akiba yake yote, kisha akataka na pikapu yake. Akapewa. Alihama siku hiyohiyo, na vitu vyake vilikuwa vimeshafungwa.

Kabati lilipoondoka ukutani, ufa ukaonekana, mkono unapita. Profesa akiwa bado ameukodolea macho, wakaja wapimaji wa kweli, dada mmoja na mwenzake, kusoma chombo chao kilichokuwa juu ya paa.

"Chini hapa pande mbili za mwamba zinasogea," dada akamweleza. "Sehemu nyingine zote za mtaa ziko imara. Tetemeko litakuja lini, hakuna awezaye kusema, ila nyumba hii si ya kulala mtu. Mama tulimwambia zamani."

Alichokuwa nacho Profesa duniani ni kuta zile tu, basi akavua kizibao na kukimbia kwa kinyozi kumuuzia nyumba. Akamwapia kwamba ardhi ya pale kona ni mwamba mtupu.

"Si ulisema inavimba?"

"Nilidanganya, ndugu yangu. Mimi ni tapeli."

Kinyozi akamtazama kwa huruma, akamvutia kiti.

"Kaa upumzike, Profesa," akasema. "Ndivyo mlivyo nyie wasomi. Mkizidiwa na woga, mnajisingizia hata wizi."